Fremu 54 au 56? Saizi ya baiskeli ya mbio kwa barabara za Unguja na Pemba

Wengi wanaonunua baiskeli ya mbio ya mtumba hapa Mjini hupimwa kwa jaribio moja tu. Fundi anaishika kwa nyuma, mnunuzi anapanda, vidole vya miguu vikigusa chini biashara imekwisha. "Imekukaa hiyo, mwanangu, chukua." Mnunuzi naye anajibu, "Haya fundi, nikazie breki tu," na safari ya kwanza ya Bububu inaanza. Jaribio lenyewe si la uongo. Ila linapima mguu peke yake, na mguu ndio wa mwanzo kuridhika: pandisha kiti, shusha kiti, yamekwisha. Shingo, mabega, viganja na kiuno ndivyo vinavyoteseka kwa umbali wa kutoka kitini hadi kwenye usukani, na fremu yenyewe huwezi kuikata wala kuiunga.

Kwa hiyo tuwatizame waliokwama baina ya saizi mbili. Njia ziko tatu: kuchukua fremu ndogo kati ya hizo mbili, kuchukua kubwa, au kuachana na fremu za mashindano na kutafuta iliyochorwa kwa ajili ya safari ndefu. Kila moja ina mtu wake.

Anza na mwili wako

Vua viatu, simama na mgongo ukutani, bana kitabu chenye jalada gumu baina ya mapaja ukipandishe mpaka kikubane kama kiti kitakavyokubana. Mtu mwengine apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Tuseme imetoka sentimita 82. Zidisha kwa 0.67, unapata kama 55, na hicho ni kianzio cha saizi ya fremu ya kizamani, ile yenye bomba la juu lililolala sawa. Tabu ni kwamba kampuni nyingi hutengeneza kwa namba shufwa, 52, 54, 56, na wewe umeangukia katikati.

Zidisha tena ile 82, safari hii kwa 0.883. Utapata 72.4, ambao ni urefu wa kiti kutoka katikati ya mhimili wa pedeli hadi juu ya kiti. Kanuni hiyo imepata jina kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Nayo ichukue kama kianzio, kisha jitizame ukiwa juu ya baiskeli: pedeli ikifika chini kabisa, goti libaki na mkunjo wa digrii 25 hadi 35 hivi. Nyonga zikiyumba kushoto na kulia, kiti kimepanda mno. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiko chini.

Stika ya fremu isikutie pumbazo. Nyingi za Kijapani huandikwa kwa milimita, 510 au 540. Kampuni moja hupima bomba la kiti kutoka mhimili wa pedeli hadi katikati ya bomba la juu, nyengine hadi kwenye ncha ya juu, na tofauti hufika sentimita moja na zaidi. Nyengine huandika S, M na L na kukuacha ukisie. Nenda na tepu yako ya kupimia.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa, ni kuufikia usukani. Umekaa, mikono iko juu ya vishikio vya breki, viwiko vina mkunjo kidogo, na unaweza kuinua vidole bila ya kuanguka mbele. Mikono ikinyooka kama ya mtu anayesukuma gari, umbali ni mrefu.

Cha pili ni kimo cha usukani ukilinganisha na kiti. Usukani ukiwa chini sana kuliko kiti, shingo inajikunja kutafuta barabara na uzito wote unahamia viganjani. Ganzi ya vidole baada ya saa moja huanzia hapo.

Cha tatu ni nafasi ya kupandia na kushukia: ukisimama umepanua miguu juu ya bomba la juu, unataka ubaki na sentimita 2.5 hadi 5 za hewa. Cha nne ni marekebisho, yaani fundi anaweza kubadilisha nini kwa vipuri vinavyopatikana. Cha tano ni tabia ya baiskeli njiani, kwenye kona, mteremko na upepo.

Ukiwa na intaneti, tafuta mchoro wa fremu unayoitaka. Kampuni nyingi huchapisha namba mbili zinazojibu vigezo viwili vya mwanzo bila ya kubahatisha. Moja ni umbali wa kwenda mbele kutoka mhimili wa pedeli hadi juu ya bomba la kichwa, pale usukani unapoingilia. Nyengine ni kimo cha kwenda juu baina ya sehemu hizo hizo. Ukitoka 54 kwenda 56 ya aina hiyo hiyo, kimo huongezeka kwa kiasi cha sentimita 1.5 hadi 2, na umbali wa mbele kwa nusu sentimita hadi moja. Ni kidogo kwa macho, lakini baada ya saa mbili shingo inazihesabu milimita hizo.

Fremu ndogo

Kuufikia usukani ni rahisi tokea siku ya mwanzo. Ukiona pafupi, unaongeza stemu, kile kipande kinachoshika usukani: ya milimita 100 inatoka, inaingia ya 110 au 120. Kiti nacho kinasogea. Kwa kuwa bomba la kiti limelala nyuma kwa digrii 73 hivi, kila sentimita moja unayokipandisha inakirudisha nyuma milimita 3. Kwa hiyo fremu ndogo yenye kiti kilichopandishwa si fupi kama inavyoonekana ikiwa imesimama dukani.

Tatizo lake ni kimo. Bomba la kichwa ni fupi, usukani unakaa chini, na wewe umeshapandisha kiti. Dawa zipo. Stemu ya milimita 100 yenye mwinamo wa digrii 6 ukiigeuza juu chini, usukani hupanda kama sentimita 2. Zile pete zinazokaa chini ya stemu nazo husaidia, ingawa uma, ule unaoshika gurudumu la mbele, ukiwa na shingo ya kaboni kwa kawaida haupendi pete za zaidi ya sentimita 3. Na hapa kuna hesabu moja wauzaji hawaitaji: kwa kuwa bomba la kichwa nalo limeinama nyuma, kila sentimita ya pete inauleta usukani karibu nawe kwa milimita 3. Weka pete za sentimita 2 juu ya fremu 54 na utapata kimo cha 56, lakini usukani umerudi milimita 6. Mwenye mikono mifupi atafurahi. Mwenye kiwiliwili kirefu atahisi magoti yanakaribia viwiko.

Baiskeli za zamani zina stemu ya aina nyengine, ile ya shingo inayozama ndani ya bomba la kichwa. Hiyo ni neema: unalegeza boliti ya juu, unaigonga kidogo, unaipandisha, unakaza. Usipite tu alama ya mwisho iliyochongwa kwenye shingo yake. Nguzo ya kiti nayo ina alama kama hiyo, na kwa fremu ndogo ndiyo inayofikiwa mapema. Jambo jengine ni chumvi. Nguzo ya alumini ndani ya fremu ya chuma, kwa hewa ya pwani, hushikana mpaka ikawa kitu kimoja. Kabla ya kulipa mwambie fundi aitoe na kuirudisha mbele yako. Isipotoka, saizi yote uliyopiga hesabu haina maana.

Kupanda na kushuka hapana la kusema, fremu ndogo haina mpinzani.

Njiani ni nyepesi na inageuka haraka, sifa nzuri ukipita baina ya daladala za Darajani. Lakini kwa kuwa magurudumu ni yale yale na fremu imefupishwa, kwenye saizi ndogo ncha ya kiatu inaweza kugusa gurudumu la mbele unapokata kona kali kwa mwendo wa polepole. Barabarani huoni. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, ukigeuza usukani kumpisha mwenye vespa, utaona. Lijaribu papo hapo dukani: pedeli ilale mbele, kiatu juu yake, geuza usukani.

Inamfaa mwenye kiuno kinachokunjika vizuri, mwenye kiwiliwili au mikono mifupi, na kijana anayetaka kwenda mbio. Mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi ajihadhari, hata kama rafiki zake wamemwambia achukue ndogo. Kiti chake kitapanda sana na usukani utabaki bondeni.

Fremu kubwa

Mvuto wake mkubwa ni kimo cha usukani. Unakaa juu zaidi bila ya kurundika pete wala kugeuza stemu, na dukani, kwa dakika mbili za kujaribu, ndiyo inayoonekana ya raha. Mzee mwenye kiuno kibovu akiipanda hatoki.

Lakini kimo na umbali vimefungwa pamoja. Usukani umepanda na umekwenda mbele, na bomba la juu refu ndilo linalokunyoosha mikono. Ukitaka kufupisha, unaweka stemu fupi. Kutoka 110 kuja 90, sawa. Ukishuka chini ya 80 usukani wa baiskeli ya mbio unakuwa mwepesi mno, chafya tu inakupeleka upande wa pili. Wengine husogeza kiti mbele kabisa ili waufikie usukani. Hilo nalipinga kila mara. Kiti hupangwa kwa ajili ya miguu na nyonga, usukani ndio uje kwako. Ukisogeza kiti kutibu mikono, unahamisha maumivu yaende magotini na uzito wa mwili unazidi kuelemea viganja.

Kwa marekebisho, basi, fremu kubwa ni bahili. Kukuza fremu ndogo kwa vipuri kunawezekana mpaka mahali fulani, kupunguza kubwa kuna ukuta, na ukuta huo ni bomba la juu.

Kushuka nako kunataka hadhari. Ukisimama ghafla kwenye mzunguko wa Michenzani na bomba la juu linakugusa, utajua kwa nini watu hutaka zile sentimita 2.5 za hewa. Aliyevaa kanzu au juba ana shida ya ziada ya kupitisha mguu. Hapo fremu yenye bomba la juu lililoinama kuelekea kwenye kiti inasaidia sana. Muundo huo ulienezwa na kampuni ya Giant mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kazi ya mbunifu wa Uingereza, Mike Burrows, na ndio uliofanya saizi nyingi zipunguzwe zikawa herufi chache, kwa kutegemea nguzo ndefu ya kiti na stemu za urefu tofauti. Kwenye fremu ya namna hiyo urefu wa bomba la kiti hausemi kitu, pima bomba la juu kwa mstari uliolala sawa, kutoka katikati ya bomba la kichwa hadi kwenye nguzo ya kiti.

Njiani fremu kubwa hutulia zaidi, kwa kuwa magurudumu yameachana kidogo zaidi. Pemba, ambako vilima ni vifupi na vinafuatana, utulivu huo unauhisi kwenye mteremko wenye kona.

Inamfaa mwenye kiwiliwili kirefu kwa mguu wake. Mtu huyo kiti chake kiko chini, kwa hiyo hata usukani wa kimo cha wastani unakaa karibu na usawa wa kiti, na umbali wa mbele anauweza. Sharti ni moja, ile hewa juu ya bomba iwepo. Isipokuwepo, arudi kwenye ndogo na stemu ndefu.

Fremu ya safari ndefu

Kuna baiskeli za mbio ambazo mchoraji wake hakuwa akimfikiria mshindani aliyelala juu ya usukani, alimfikiria mtu atakayekaa saa tano juu ya kiti. Kwa saizi ile ile, usukani huwa juu kwa sentimita 2 hadi 4 kuliko fremu ya mashindano, na umbali wa mbele umepungua kwa nusu sentimita hadi moja. Yaani imetengua lile fundo la fremu kubwa: unapata kimo bila ya kunyooshwa.

Kwa aliyekwama baina ya 54 na 56, mara nyingi 54 ya aina hii inamaliza mjadala. Bomba la juu mara nyingi limeinama, kwa hiyo kupanda na kushuka hakuna shida. Ncha ya kiatu haigusi gurudumu kwa urahisi. Na baina ya magurudumu na fremu kuna nafasi ya tairi pana, milimita 32 au zaidi, na mara nyengine ya madigadi, ambayo masika ikiingia utaishukuru kila ukivuka dimbwi.

Bei ya raha hiyo ni upepo. Ukikaa wima, kifua kinakuwa tanga. Kusi la Julai ukielekea Paje au Makunduchi, kaskazi la Januari ukielekea Nungwi, utasukumwa usoni muda mrefu, na mwenzako aliyejikunja kwenye fremu ya mashindano atakuacha. Kwenye kuchomoka haraka pia si hodari. Kijana wa mashindano ya Jumapili ataiona nzito hata kama mizani inasema vyengine.

Upatikanaji ni mgumu. Mtumba mwingi wa aina ya mbio ni wa mashindano, na zilizo mpya huletwa kwa kuagizwa. Hata hivyo tizama zile baiskeli za chuma za utalii za Japani na Ulaya za miaka ya nyuma, zenye matundu ya kufungia karia na madigadi. Nyingi zina stemu ile inayopanda kwa boliti moja. Watu huzipita kwa sababu hazing'ari.

Inamfaa mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi kuliko mtu yeyote, mwenye shingo au kiuno kilichowahi kuumia, na msafiri wa kilomita nyingi.

Kabla ya kuilaumu fremu

Mateso mengine yanayosingiziwa saizi ni ya tairi. Tairi ya milimita 23 iliyojazwa mpaka ikawa jiwe itakutikisa juu ya fremu yoyote, na lami iliyochunika haitakusamehe. Kama fremu na breki zinaruhusu, weka 28 na upunguze upepo kidogo. Angalia tu ununuzi: tairi ya Phoenix ya inchi 28 inakaa kwenye ringi ya kipenyo cha milimita 635, na ya baiskeli ya mbio ya 700C ni 622. Zote mbili huitwa "ya 28" na haziingiliani. Upana wa usukani nao ulingane na mabega, na kiti kibebe mifupa ya makalio. Vitu hivi vinabadilishwa kwa pesa kidogo kuliko fremu.

Uchukue ipi?

Kama matumizi yako ni Mjini, kazini, skuli, sokoni na kurudi, kwa kusimama kila hatua, chukua ndogo au yenye bomba lililoinama. Umbali mfupi hauchoshi shingo, na kushuka haraka kuna thamani kuliko kimo.

Kama Ijumaa jioni unapiga hesabu ya Nungwi, zaidi ya kilomita 50 kwenda tu, tafuta ya safari ndefu. Ikikosekana, chukua kubwa ikiwa unaufikia usukani kwa stemu isiyopungua 90. Ikiwa huufikii, rudi kwenye ndogo, geuza stemu juu, ongeza pete.

Kama uko Pemba na njia zako ni Chake hadi Wete au Chake hadi Mkoani, vilima vitakufanya ukae ukisukuma kwa muda mrefu na mikono juu ya usukani. Hapo kiti kilichopangwa vizuri na usukani usio mbali vina kazi kuliko namba ya fremu, na gia nyepesi ina kazi kuliko vyote viwili. Baina ya kubwa na ya safari ndefu chagua inayokuacha ukunje viwiko.

Kama unafanya mazoezi na vijana wa mbio na mwili unakunjika, ndogo, bila ya wasiwasi.

Kama unamnunulia mtoto wa miaka 14 anayerefuka, usimruke saizi mbili kwa hoja ya kwamba atakua. Mchukulie moja juu ya ile ya sasa ikiwa anasimama juu ya bomba bila ya kuguswa, umwekee stemu fupi, umbadilishie kadiri anavyorefuka.

Na kama dukani ipo moja tu na bei inakuvutia, pima kwanza baiskeli unayoipanda sasa bila ya maumivu, hata ikiwa ya kuazima: kutoka ncha ya kiti hadi katikati ya usukani, na kutoka sakafuni hadi juu ya usukani. Andika namba hizo kwenye simu. Zipime kwenye ile ya dukani baada ya fundi kukiweka kiti katika kimo chako. Ikipishana nazo kwa sentimita 2, stemu itamaliza kazi. Ikipishana kwa 4, iache, makontena mengine yanakuja.